Anajua kazi, lakini hasemi

SWALI

Ndugu mshauri, salamu kutoka Tororo.

Nafundisha katika chuo cha ufundi huku mashariki mwa Uganda. Nina wanafunzi 36 wa mwaka wa mwisho, wasichana saba. Nusu wanasomea umeme wa majumbani, nusu ufundi wa magari. Muhula ujao wanakwenda mafunzo kazini kwa wiki nane: wengine gereji za hapa mjini, wengine Malaba na Busia, wachache Jinja na Kampala.

Kundi lililopita lilirudi na ripoti utadhani ameziandika mtu mmoja: "Anajua kazi, lakini hasemi." Kijana mmoja aliona mpira wa breki unavuja akanyamaza, kisa fundi aliyeufunga ni mtu mzima. Mwenye gari alilirudisha siku ileile, na bahati nzuri hakuna aliyeumia. Mwingine alitumwa stoo akaleta waya usio wenyewe. Alipoulizwa kwa nini hakuuliza, akasema aliogopa kuonekana mjinga. Na wale ninaowaweka kuwa viongozi wa vikundi, ama wanageuka mabwana wakubwa, ama wanafanya kazi yote peke yao huku wenzao wakichezea simu. Wakiajiriwa ndiyo kabisa, hata mkataba hawathubutu kuuliza.

Mkuu wa chuo amenipa saa moja kila Ijumaa kwa wiki kumi, na ametenga shilingi 600,000 za kumleta msemaji wa kuhamasisha kutoka Kampala. Mijadala nimejaribu: wanaongea walewale watano. Lugha nayo inatutatiza. Ripoti ni Kiingereza, madereva wa malori mpakani ni Kiswahili, Kampala ni Luganda, na wao nyumbani wanasema Kijapadhola, Kiteso au Kisamia. Nianzie wapi?

Mwalimu wa karakana

JIBU

Mwalimu, anza na mkuu wa chuo: mwombe hizo 600,000 zifanye kazi nyingine. Msemaji atawachekesha vijana, watapiga makofi, wataandika misemo miwili mitatu daftarini, na Jumatatu yule aliyeogopa kumwambia fundi habari ya breki atakuwa bado anaogopa. Kijana huyo hana sentensi ya kuanzia, na hajawahi kuitamka mbele ya mtu anayemheshimu. Hilo linahitaji mazoezi, na ukumbi uliojaa watu si mahali pake.

Mijadala nayo ipumzishe. Shule zetu zinaipenda, na ina faida yake, lakini inamzoeza mtu kutetea upande wake mbele ya wasikilizaji waliokaa kimya. Gerejini msikilizaji ni mmoja, amechoka, ana simu sikioni, grainda inalia pembeni, na atakupa nusu dakika. Ufasaha wa jukwaani hausaidii sana hapo.

Kabla ya Ijumaa ya kwanza, wapigie simu wasimamizi wanne au watano walioandika ripoti zile. "Hasemi" ni lalamiko pana mno, huwezi kulifundishia. Waulize: ni wakati gani alipaswa kusema, amwambie nani, na aseme nini? Utakuta mambo manne yamefungwa pamoja. Kuna anayeona hitilafu asiripoti. Kuna anayeitikia "ndiyo mzee" bila kuelewa. Kuna anayemaliza kazi akakaa kwenye tairi akisubiri kuitwa. Na kuna anayechelewa bila taarifa. Kila moja lina zoezi lake, na ukijua lipi limelalamikiwa zaidi utajua pa kutumia Ijumaa nyingi.

Sasa piga hesabu ya muda. Dakika 60 kwa watu 36, wakiongea kwa zamu mbele ya darasa, ni sekunde 100 kwa kila mmoja, na walewale watano watazila. Wagawe watatu watatu, vikundi 12, vyote vikizungumza kwa wakati mmoja: mmoja anasema, mmoja anapokea, wa tatu anatazama na kuandika. Raundi ni ya dakika nne, halafu wanabadilishana. Ndani ya dakika 12 kila mtu amesema, amepokea, ametazama. Karakana itakuwa na kelele, na kelele hizo zinafaa kwa sababu ndivyo kazini kulivyo. Kosa la walimu wengi hapa ni kusimama mbele na kutaka kimya. Zunguka, usikilize vikundi vitatu tu kila Ijumaa, usijaribu kuvimaliza vyote.

Ijumaa mbili za kwanza zitumie kwa kupokea maelekezo. Kinachoharibu ni swali la "Umeelewa?", maana jibu lake siku zote ni ndiyo. Lifute kabisa karakanani kwako, useme badala yake: "Nieleze utaanza wapi." Mpokeaji lazima arudie kwa maneno yake mambo matatu: kazi yenyewe, kipimo, na dalili ya kwamba imekwisha. Chukua kazi ya kurudisha gurudumu la Toyota ndogo: nati zikazwe kwa mtindo wa nyota gari likiwa bado juu, jeki ishushwe, ndipo umalizie kwa spana ya kupimia nguvu hadi nyutoni-mita 103. Anayerudia "nikaze nati za gurudumu" hajapokea kitu. Anayesema "nikaze kidogo likiwa juu, nishushe, nimalizie kwa 103, halafu nikuite uone" huyo mwache aende.

Baada ya raundi mbili utaona wameanza kukariri kama kasuku. Hapo ongeza mtego: mtoa maelekezo aache kitu kimoja makusudi. Asiseme ni gurudumu lipi. Kwa watu wa umeme, aseme "kavute waya wa soketi mbili za sebuleni" bila kutaja unene. Mpokeaji asiyeuliza amekosa raundi, hata kama amerudia vizuri yote aliyoambiwa. Kijana wako wa stoo aliangukia hapa hapa. Sentensi moja, "wa moja na nusu au wa mbili na nusu?", ingemwokoa, na fundi yeyote anajua uzito wake: waya wa milimita za mraba 1.5 ni wa taa, ukiutia kwenye soketi zenye kikata umeme cha ampea 32 utapata moto kabla kikata umeme hakijashtuka. Wafundishe swali la kuchagua kati ya vitu viwili, si "sijaelewa". Anayeuliza "huu au ule?" anaonekana anajua kazi, hofu ya kuonekana mjinga inapungua yenyewe. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, wanalijua hilo tangu shule ya msingi, ila hakuna aliyewaonyesha swali la fundi linasikikaje.

Zoezi jingine la Ijumaa ya pili: wawili wakae migongo ikigusana. Mmoja ana mchoro wa taa moja inayowashwa na swichi mbili, mwingine ana karatasi tupu. Wa kwanza aeleze, wa pili achore, bila kuruhusiwa kuuliza. Dakika tano. Kisha rudia kwa mchoro mwingine, safari hii maswali yakiruhusiwa. Weka michoro yote miwili mezani, na huna haja ya kuhutubia.

Ijumaa ya tatu hadi ya tano ni za kuripoti hitilafu, na hapo ndipo ningekaa muda mrefu zaidi. Ripoti nzuri ina vipande vinne: nimeona nini, kiko wapi, nimekwisha fanya nini, naomba nini. Isizidi sekunde 20. Kwa ile breki ingekuwa hivi:

"Mzee, samahani nakukatiza. Lile gari jeupe, mpira wa breki wa nyuma kushoto una unyevu pale unapoungana na bomba. Nimeupangusa, nikakanyaga pedeli mara tatu, ukalowa tena. Gurudumu sijalifunga. Naomba uje uone kabla sijaendelea."

Waonyeshe kilichomo. Hakuna jina la mtu aliyeufunga ule mpira. Kuna jaribio dogo alilolifanya mwenyewe, kwa hiyo hawezi kuambiwa anaota. Kuna hali ya kazi ilipofikia. Na kuna ombi, ambalo mkubwa anaweza kulijibu kwa kusimama tu. Wanafunzi hukosea kwa namna zinazojirudia: wanaanza na historia ndefu ("asubuhi tulipokuja…"), wanaanza na lawama ("hukukaza"), wanaanza na hukumu ("breki zimekufa"), au wanamaliza bila ombi, mkubwa akajibu "eeh" na kuendelea na yake. Mtazamaji wa kikundi awe na karatasi yenye vipande vinne, atie alama kile kilichotajwa. Kila raundi itazame kipande kilichosahauliwa. Aghalabu ni ombi.

Halafu kuna heshima. Kijana wa kwetu amelelewa asibishane na mkubwa, na msichana wa Kiganda amezoea kupiga magoti akisalimia. Usipigane na malezi hayo, yatumie. "Mzee", "fundi", "mama", na ukifika Kampala "ssebo" na "nnyabo", ndiyo mlango wa kuingilia. Baada ya mlango jambo linasemwa lote. Kinachowatatiza ni kudhani heshima inaishia mlangoni. Na asubuhi wasalimie kwanza, maana kwetu anayeingia moja kwa moja kwenye shida bila salamu hasikilizwi hata akiwa na haki.

Wafundishe pia ngazi ya pili, kwa sababu mkubwa anaweza kusema "funga tu, twende." Jibu la kufanyia mazoezi ni: "Sawa mzee. Nipate uhakika tu, nifunge ikiwa bado inavuja?" Swali hilo linamrudishia mkubwa uamuzi bila kumbishia, na wengi hugeuka kutazama. Ngazi ya tatu ni kukataa, na hiyo iwe kwa mambo machache uliyoyaandika ukutani: breki na usukani, gari lililoinuliwa kwa jeki bila stendi, waya ambao haujapimwa kwa testa baada ya swichi kuu kuzimwa, na kupanda juu kwa ngazi mbovu. Kwa hayo manne kijana asifanye kazi, atoke aende kwa mkubwa wa pili. Kwa mengine yote, akishauliza mara mbili, afuate alichoambiwa na kukiandika. Ukiacha orodha bila mipaka utapata kijana wa kubishia kila kitu, na wiki ya pili atarudishwa chuoni. Pale mtu anapotaka kushika waya wenye umeme hakuna samahani wala mzee. Ni "Simama!" kwa sauti, pole baadaye. Hilo nalo lifanyieni mazoezi kwa sauti kamili, watacheka mara ya kwanza na ya pili.

Haya yote yatavunjwa na wewe mwenyewe usipoangalia. Tangaza mapema kwamba karakanani anayeripoti kosa lake mwenyewe hakatwi alama, na kosa lililogunduliwa na mwingine linakatwa. Kisha lishike. Siku utakapomfokea aliyekuja kukwambia amevunja kitu, darasa zima litajifunza kunyamaza upya, na utalipa wiki nzima kulirudisha.

Sasa uongozi. Usiufundishe Ijumaa. Saa moja ya maneno haimtoi kiongozi, na karakana unayo wiki nzima. Fanya vikundi sita vya watu sita, kila mtu aongoze wiki moja ya kazi za vitendo kwa zamu ya orodha, si kwa kura. Kwa wiki sita wote wameongoza. Wiki nne zilizobaki warudie wale walioshindwa, na hao ndio wanaohitaji zamu ya pili kuliko mabingwa wako.

Kazi ya kiongozi ieleweke hivi. Siku moja kabla, ifikapo saa nne asubuhi, ampelekee mtunza stoo orodha ya vifaa kwa maandishi: idadi, ukubwa, kwa kazi gani. Asubuhi ya kazi asimame na kikundi dakika tano: leo tunafanya nini, nani anafanya nini, hatari iko wapi, tunakagua saa ngapi. Nusu ya kazi akague. Mwisho ahesabu vifaa, arudishe stoo, aseme kilichobaki. Na kuna sharti moja litakalowauma wale hodari: nusu saa ya kwanza mikono ya kiongozi haigusi kifaa. Ashike kalamu. Yule anayefanya yote peke yake si mbaya, tena huwa ndiye bora darasani na ndiyo maana ulimchagua; anaona mwenzake anazungusha spana taratibu, uvumilivu unamwisha, anampokonya. Kazi inaisha mapema na wenzake hawajajifunza kitu, basi wanatoa simu. Mkono ukifungwa, mdomo unalazimika kueleza.

Orodha isipofika stoo kwa wakati, kikundi hicho hakifanyi kazi siku inayofuata. Usiwafungulie. Najua itauma, kuna mtihani unakuja na mkuu wa chuo atauliza kwa nini watu sita wamekaa. Wakae siku hiyo moja. Ukiwaokoa, orodha haitafika tena hadi mwisho wa muhula.

Yule bwana mkubwa anatibika kwa vikaratasi. Mwisho wa wiki kila mwanakikundi ajibu kwa siri, bila jina, maswali mawili: ulijua kazi yako bila kuuliza mara ya pili? Kuna jambo ulitaka kusema ukashindwa? "Ndiyo" tatu kwenye swali la pili zinatosha kukuambia kuna nini. Mwite kiongozi peke yake, msome pamoja, umwombe ajaribu jambo moja tu wiki yake ijayo, kwa mfano kumuuliza kila mtu asubuhi "wewe unaona hatari gani hapa?" na kunyamaza mpaka ajibiwe. Usimsome mbele ya wenzake; utapata bwana mkubwa mwenye kinyongo.

Na kuna kumkabili rafiki mvivu, jambo linalowashinda hata watu wazima ofisini. Wape umbo la sentensi: ahadi, saa, swali. "Ulisema utamaliza kupima saa nne. Sasa ni saa nne na nusu. Kimekuzuia nini?" Bila "wewe siku zote" na bila kicheko cha kuficha aibu. Mara nyingi kuna sababu ya kweli, testa haina betri au amepewa kazi mbili, na kiongozi akiisikia ana la kufanya.

Wasichana saba usiwatawanye mmoja mmoja. Weka wawili, wawili na watatu katika vikundi vitatu. Msichana aliye peke yake kati ya wavulana watano huishia kuandika. Kazi ya kuandika nayo izunguke kwa orodha, vinginevyo utakuta daftari ni la kike na spana ni za kiume hadi mwisho wa mwaka. Kabla hawajaondoka kwenda mafunzoni, kila mwanafunzi awe na jina na namba ya mtu wa chuo wa kumpigia akisumbuliwa au akiguswa asivyotaka, na mtu huyo awe mwanamke kwa wasichana. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 awe na hatua za kuzuia unyanyasaji wa kijinsia. Gereji nyingi hazifikii idadi hiyo, kwa hiyo namba ya chuo ndiyo kinga yenyewe. Msichana aliyenyamaza ghafla wiki ya tatu usimwandike "hana ujasiri" kabla hujamuuliza kwa faragha.

Lugha isikutishe sana. Vijana wako wanabadilisha lugha tatu kati ya soko na stendi bila kufikiri. Wanachokosa ni maneno ya kazi katika kila lugha. Chagua sentensi kumi tu: ripoti ya hitilafu, ombi la vifaa, taarifa ya kuchelewa, swali la bei, na kadhalika. Kila kikundi kizifanye kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na wanaokwenda Kampala waongeze Luganda. Wanaokwenda Malaba na Busia wazidishe Kiswahili cha malori. Dereva aliyetoka Mombasa akiambiwa "gari ina shida kidogo" atakasirika, anataka kujua shida gani, inachukua saa ngapi, shilingi ngapi, na za nchi gani. Fundi akitaja bei bila kutaja sarafu pale mpakani, ugomvi uko njiani.

Daftari la mafunzo ni la Kiingereza na msimamizi analitia sahihi, basi lifundishe kama kifaa. "Nilifanya servisi ya gari" ni mstari uliopotea. Mstari unaofaa unataja gari gani na kilomita zake, kilichobadilishwa na kiasi, kilichoonekana, nani alikagua: "Corolla, km 142,300. Oili lita 4 na filta. Boliti ya sampu ilikuwa imeliwa nyuzi, nikamwonyesha fundi mkuu, ikabadilishwa." Dakika kumi kila jioni, si Ijumaa kwa wiki nzima, kwa sababu ifikapo Ijumaa kilomita zimesahauliwa na mtu anaanza kutunga. Utatambua daftari lililotungwa kwa rangi moja ya wino.

Simu inatosha Ijumaa moja. Taarifa ya kuchelewa itolewe kabla ya saa ya kazi, si baada yake. Ikibaki chini ya saa moja, apige, asiandike. Aseme atafika saa ngapi na kazi gani ilikuwa inamsubiri: "Boda imeharibika Nagongera, nitafika saa tatu. Ufunguo wa sanduku la vifaa uko kwa mtunza stoo." Habari ya boda peke yake haimsaidii mtu. Kwenye WhatsApp, ujumbe mmoja uliokamilika, si "Habari boss" halafu kimya cha dakika tano ukisubiri ajibu. Ujumbe wa sauti kwa mkubwa uwe chini ya nusu dakika, au usiwepo.

Habari ya mkataba nitaipitia haraka. Sheria ileile ya 2006 inasema mfanyakazi apewe maelezo ya maandishi ya masharti ya kazi ndani ya wiki 12 tangu aanze, na kipindi cha majaribio kisizidi miezi sita, kinaweza kuongezwa mingine isiyozidi sita kwa ridhaa yake. Kwa anayechangia NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, asilimia 5 inakatwa kwenye mshahara na asilimia 10 inatoka kwa mwajiri. Wakijua hayo, swali linakuwa jepesi: "Mama, nimemaliza mwezi. Naomba kujua karatasi ya masharti yangu itakuwa tayari lini." Liulizwe saa ya utulivu, ana kwa ana, kazi ya siku ikiwa imekabidhiwa. Likiulizwa siku ya mshahara mbele ya watu litasikika kama vita.

Usidhani pia kwamba unaanza na udongo mtupu. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020, ambao watahiniwa wake wa kwanza walifanya UCE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, mwaka 2024, unataja mawasiliano na ushirikiano kati ya stadi zake na unawapa wanafunzi miradi ya vikundi. Waliopitia huko wamezoea kufanya kazi kwa kikundi. Bado hawajazoea mkubwa asiye mwalimu.

Na hapo ndipo fedha za msemaji zinapopata kazi. Ijumaa ya sita, ya saba na ya nane, alika msimamizi mmoja kila mara: fundi mkuu wa gereji, mkandarasi wa umeme, mama anayeendesha duka la vipuri. Nauli na chakula shilingi 80,000 kila mmoja, jumla 240,000. Mwambie mapema kwamba humwombi hotuba. Dakika kumi aseme anataka kusikia nini kutoka kwa mwanafunzi; dakika zote zinazobaki aketi, vijana wamjie mmoja mmoja na ripoti, naye awakatize, apokee simu katikati, ajibu kwa mkato, kama anavyofanya siku zote. Wachague wale waoga watangulie, wasemaji wasubiri. Ijumaa ya tisa iwe ya simu na daftari, ya kumi iache wazi kwa watakaokuwa bado wamekwama. Watakuwepo, labda sita au saba, na saa moja na watu saba ni muda mrefu.

Shilingi 360,000 zilizobaki ni nauli yako ya kuwatembelea. Nenda wiki ya pili ya mafunzo, si ya nane. Wale wa Kampala na Jinja, ambako nauli haitafika kwa wote, pigia wasimamizi wao simu wiki hiyohiyo na uwaulize yale maswali matatu uliyoanza nayo. Ukifika gerejini usimwite mwanafunzi pembeni. Simama dakika kumi utazame anavyopokea maelekezo na anafanya nini akimaliza kazi. Kisha muulize msimamizi jambo moja ambalo kijana angepaswa kulisema wiki hii na hakulisema. Akilitaja, muiteni mwanafunzi hapohapo, alifanyie mazoezi mara mbili mbele yenu wote wawili, na arudi kazini. Wiki sita bado anazo.